Siti ya Baba Mkwe

Jumatano. Asubuhi kulikuwa na baridi, nikamfunga Limi mgongoni kwa khanga mbili. Mchana jua na upepo wa vumbi, ule wa mwezi wa sita unaopeperusha pamba iliyosahaulika mashambani. Moyo wangu umekaa juu juu tangu nimeamka.

Ni kwa sababu ya kesho.

Kesho saa mbili asubuhi Masunga anatakiwa awe amesimama mbele ya ghala pale Bariadi mjini, na pikipiki inayotembea. Wale wanunuzi binafsi wa pamba, walioanza kuingia vijijini baada ya chama chetu cha ushirika kudorora, wanatafuta karani wa kuzunguka vituo vya huku Mwamapalala. Awe anajua mzani, awe anajua hesabu, na awe na usafiri wake. Mume wangu anayo mawili ya kwanza. La tatu liko bandani, linawaka na kuzima.

Asipoipata kazi hiyo, Jumamosi anapanda lori na wenzake kwenda machimboni. Ameshaniambia, na begi lake nimeliona limeachwa wazi juu ya kitanda. Mara ya mwisho alipokwenda huko alikaa miezi tisa. Limi alizaliwa baba yake hayupo. Aliporudi, mtoto alimlilia wiki nzima kama mtu aliyekuja kumchoma sindano.

Sitaki tena.

Pikipiki yenyewe ni ya marehemu baba mkwe. Ni ndogo, ya injini ya cc hamsini, nyekundu, ina kinga ya miguu ambayo zamani ilikuwa nyeupe. Haina klachi ya mkono, unakanyaga gia tu. Ndiyo aliyoendea kupima pamba miaka ile chama kikiwa mnunuzi peke yake, na wazee wa huku bado wanaujua mlio wake. Alipopunguzwa kazini aliiingiza bandani, akaifunika gunia, hakuiwasha tena mpaka alipofariki. Mvua tatu zimepita tangu tumzike. Tulipoifunua, kuku alikuwa anaatamia kwenye kikapu chake cha nyuma.

Banda hilo ndilo tunamoweka pamba yetu tukisubiri kuuza. Kwa hiyo gereji yetu ni rundo la pamba mpaka karibu na bati, na sisi kwenye kona ya mlangoni na spana nne, bisibisi moja na debe la mafuta ya taa. Tumefanya kazi hiyo miezi miwili. Masunga alifungua injini, mimi nikasafisha. Nimesugua kutu kwenye rimu, spoku moja moja, kwa majivu na gunzi la mahindi. Nimejifunza kufungua kabureta na kuifunga bila kubakiza skrubu mkononi. Mimi ni wa darasa la saba tu, lakini nimeona kuna vitu mkono wangu unavielewa haraka kuliko ubao ulivyokuwa ukinielewesha.

Kitu kimoja tu sikufanya. Sikukaa juu yake.

Siku ya kwanza mama mkwe alikuja akasimama mlangoni. Sisi tunamwita mayu, yaani mama. Akaniambia kwa upole, "Mama Limi, shika unavyotaka, osha unavyotaka. Ila siti ile ni kiti chake."

Nikaelewa. Huku kwetu mkamwana hakai kwenye kiti cha baba mkwe wake, awe hai, awe amekufa. Kigoda chake mpaka leo kiko nyumba kubwa, nikifagia nakizunguka. Basi na pikipiki naiwasha nikiwa nimesimama pembeni, mikono kwenye usukani, mguu wa kulia unapiga kiki, kama mtu anayejaribu kumkamua ng'ombe mtukutu.

Mayu hakuipenda shughuli hii. Hao watu binafsi, kwake, ndio waliomwondoa mumewe kwenye mzani. Siku moja tukila alimwambia Masunga, "Waliommaliza baba yako, leo unawapelekea na pikipiki yake wakapande."

Masunga akajibu bila kuinua macho kwenye ugali, "Mayu, mwanangu hali chama."

Tangu siku ile wanasalimiana tu. Mwangaluka asubuhi, mwadila jioni, basi.

Jumapili iliwaka. Nilikuwa na unga mikononi, nikatoka mbio jikoni. Masunga akakaa juu yake, akatoka uani, akashika njia, vumbi likamfuata. Nikaimba moyoni. Ilipofika kwenye mashine ya kusaga, mita kama mia nne hivi kutoka nyumbani, ikakohoa, ikazima.

Akairudisha kwa kuisukuma. Tukaipumzisha robo saa, ikawaka vizuri kabisa. Akaenda. Ikazima pale pale.

Jumatatu hivyo hivyo. Jana hivyo hivyo. Wanawake wanaosubiri zamu ya kusaga wameshapata mchezo. "Karani, leo umeleta mtama au mahindi?" Mwingine anamjibia, "Muacheni, anakuja kutusalimia." Masunga anacheka nao huku anasukuma. Akifika nyumbani hacheki.

Amebadilisha plagi. Amefungua kabureta mara tatu. Jana alirusha spana ikaenda kuzama kwenye pamba, tukaitafuta mpaka giza likaingia.

Na mayu, akiwa anapepeta mchele, alisema neno moja tu: "Mwenyewe anakataa."

Neno hilo lilifika kisimani kabla yangu. Sasa kijiji kizima kinajua kwamba marehemu hataki pikipiki yake iende kwa watu binafsi, na kwamba anaishika pale kwenye mashine ya kusaga. Masunga mwenyewe, aliyekuwa anacheka mambo hayo, jana niliona akiigusa siti kabla ya kupiga kiki, kama mtu anayebisha hodi.

Mimi nilijua kitu ambacho sikukisema.

Wiki mbili zilizopita Masunga alitaka tenki lipelekwe kwa fundi mjini likasafishwe kutu. Nikamwambia niachie mimi. Nikalitoa chini ya siti, nikatia changarawe na mafuta ya taa, nikalitikisa mpaka mabega yakauma. Maji mekundu yakatoka, baadaye meupe. Halafu likahitaji kukaushwa ndani. Nikafanya kama tunavyofanya hapa kwa kila kitu. Kwetu pamba ndiyo kitambaa, ndiyo sponji, mtoto akijikata ndiyo plasta, na mimi nilikuwa nimekaa katikati ya rundo lake. Nikachambua mbegu, nikazungushia pamba kwenye spoku, nikaingiza. Nikatoa, nikazungushia nyingine.

Niliingiza mara tano. Nakumbuka kutoa nne.

Limi aliamka analia wakati ule, nikaenda. Niliporudi nikaliona tenki limekauka, linang'aa, nikafunga kifuniko. Masunga alichungulia akasema, "Mama Limi, fundi wa mjini angeona aibu." Nilitembea na maneno hayo siku nzima.

Ile hesabu ya tano na nne ilinirudia Jumapili usiku. Nikajiambia haiwezekani, kitu laini kama pamba kizuie chuma. Jumatatu nikajiambia nitasema. Jumanne nikajiambia labda ni plagi kweli. Ukweli ni kwamba niliogopa. Sikuogopa kupigwa, Masunga si wa hivyo. Niliogopa kwamba hatanipa spana tena. Na niliogopa mayu aseme, ndiyo hayo, mkono wa mkamwana kwenye kitu cha mkwewe. Kwa hiyo nikaacha marehemu asingiziwe. Mtu aliyelala kimya kaburini, mimi nikamwachia kosa langu.

Leo alfajiri Masunga alipanda lori la mkaa kwenda Bariadi kuwaomba wale watu wamsogezee wiki moja. Alivaa shati lake la harusi. Hakuwa na uso wa mtu anayekwenda kuomba. Alikuwa na uso wa mtu aliyeshajibiwa.

Nilibaki namnyonyesha Limi kwenye kizingiti cha banda. Ana mafua. Mtoto mwenye mafua ananyonya mara tatu, pua imeziba, anaachia, analia. Akipumua kidogo anarudi kwa nguvu kama hajawahi kuugua. Halafu tena anaachia.

Nikamtazama, nikaitazama pikipiki.

Haikuwa mgonjwa. Ilikuwa na njaa. Ikipumzika, petroli inapenya polepole mpaka kabureta inajaa. Ikikimbia, inamaliza iliyopo na nyingine haiji. Inafika kwenye mashine ya kusaga kwa sababu shibe yake inaishia pale, hakuna mtu anayeishika.

Nilimlaza Limi juu ya pamba, nikainua siti, nikalitoa tenki, nikafungua kifuniko. Petroli nikaimwaga kwenye sufuria. Ilikuwa kidogo, na ndiyo yote tuliyonayo ya kumfikisha Masunga mjini kesho. Nyingine nikaimwaga kwenye kidole cha mguu. Nikalielekeza tenki juani, nikachungulia. Sikuona kitu. Nikakunja ncha ya spoku kama ndoano, nikaingiza, nikakwangua chini pale petroli inapotokea. Ikateleza. Nikakwangua tena.

Kikanasa kitu.

Nilikivuta taratibu, pumzi nimeibana. Kikatoka kimejikunja kama panya mchanga, kahawia, kinadondosha petroli.

"Ni nini hicho?"

Sikumsikia mayu akija. Alikuwa amesimama mlangoni na ungo mkononi. Ningeweza kukitupa kwenye rundo, hakuna ambaye angekiona tena. Niliwaza hivyo, naandika hapa kwa kuwa ni kweli.

"Ni pamba, mayu. Ilikuwa kwenye tenki."

"Imeingiaje?"

"Kwa mkono wangu. Nilikuwa nakausha, nikaisahau."

"Kwa hiyo inayozuia ni hiyo."

"Nadhani ni hiyo. Siyo baba."

Akaweka ungo chini, akaja akaitazama ile pamba mkononi mwangu bila kuigusa. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea.

"Mimi nimekuwa nikimwomba. Kila asubuhi nikienda kumwaga maji pale kaburini namwambia, baba Masunga, usiwape. Wasikupande mgongoni. Ilipozima Jumapili nikasema, amenisikia." Akavuta pumzi. "Nikammwagia na maziwa ya shukrani."

Limi akapiga chafya kwenye pamba.

Nikaona kama kusema nimeshaanza, niseme na lililobaki. "Mayu, isipotembea kesho, Jumamosi Masunga anakwenda machimboni."

"Nani anakwenda?"

"Masunga. Na wenzake. Hakutaka ujue kabla."

Alikaa chini pale pale, kwenye pamba, kama mtu aliyesukumwa. Mayu alizaa wanaume watatu. Mmoja alikwenda kwenye mashimo hayo kabla mimi sijaolewa, na habari zake zilikoma. Hatajwi nyumbani. Nguo zake zimo kwenye sanduku la bati, nazianika mimi kila mwaka mvua zikiisha.

Alimchukua Limi, akampakata, akamfuta pua kwa ncha ya khanga yake. Upepo ulikuwa unagonga bati.

"Siku zote hizi nimekuwa namwomba amfukuze mwanangu," akasema. Hakuwa ananiambia mimi.

Halafu akainua kichwa. "Rudisha hayo mafuta. Tuone."

Nilichuja petroli kwa kitambaa cha khanga, safari hii nikakitazama kitambaa mbele na nyuma, nikarudisha tenki, nikafunga. Tukaitoa uani, mimi nasukuma, yeye na mtoto nyuma. Nikasimama pembeni kama kawaida, nikapiga kiki. Kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu ikashika, ikatoa moshi wa bluu, ikatulia ikinguruma. Ule mlio mayu aliusikiliza kichwa kimeinama.

Lakini kuwaka si kitu. Jumapili iliwaka, Jumatatu iliwaka. Lazima ipite mashine ya kusaga, na wa kuipitisha hayupo. Nikasema, "Nitaikimbiza kwa kuisukuma mpaka pale, ikiwa inawaka."

"Utaisukuma na kesho utamsukuma nayo mpaka Bariadi?"

"Sasa mayu, nitafanyaje?"

"Baiskeli si unajua?"

"Najua."

"Kaa."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikaangalia siti. Ilikuwa imepasuka katikati, nimeishona mwenyewe kwa uzi wa gunia, mishono yote naijua, na sijawahi kuilalia hata kiwiko.

"Nikae wapi, mayu?"

"Hapo pana viti vingapi?" Akanisogelea, akapangusa siti kwa kiganja, mara moja, mara mbili, kama tunavyompangusia mgeni kigoda. Akasema kwa Kisukuma, neno lile lile analomwambia anayekaribishwa: "Igasha." Halafu taratibu, siyo kwangu, akasema, "Ni mkamwana wako. Ndiye aliyekuosha."

Nikakaa.

Sijui niliandikeje hili. Siti ilikuwa ya moto kwa jua. Miguu ikafika chini. Nikakanyaga gia, ikaruka kama mbuzi, nusura iniache, khanga ikapanda magotini, nikashika njia. Sikuwa na mwendo, nadhani kuku wangenipita. Mikono ilikaza usukani mpaka sasa hivi vidole vinauma.

Mashine ya kusaga nikaiona inakuja. Wanawake walikuwa pale, madebe yamepangwa. Nilisubiri kikohozi. Niliusikiliza mlio ule kwa mwili mzima, kama ninavyosikiliza pumzi ya Limi akiwa na homa. Mmoja akasema kwa sauti, "Haya, leo kamtuma mke." Mwingine akanyamaza mdomo wazi, kwa kuwa alijua nimekaa kwenye kiti cha nani.

Nikafika usawa wa mlango wa mashine.

Nikapita.

Nikapita madebe, nikapita punda, nikapita kibanda cha chumvi, na ikawa bado inanguruma. Tatizo likawa jingine, kugeuza sijui. Nikaenda nayo mpaka uwanja wa shule ya msingi, nikazunguka magoli yote mawili, watoto wakanikimbilia nyuma, nikarudi njia ile ile. Nilipopita mashine mara ya pili hakuna aliyesema kitu. Mama mmoja mzee alishusha debe lake kichwani, akapisha.

Mayu alikuwa bado amesimama uani, Limi begani. Nilizima. Hakusema nimefanya vizuri. Alisema, "Weka kivulini, mafuta yasipotee hewani." Kisha akaingia jikoni mwenyewe, akaanza kusonga ugali wa jioni, kazi ambayo ni yangu.

Sasa jua linaelekea kuzama nami nimekaa kwenye kizingiti cha jikoni na daftari hili. Lori la kutoka Bariadi nimelisikia likipiga honi kule barabarani. Chakula chake nimekifunika. Pembeni ya sahani nimeweka kifuniko cha chupa, na ndani yake ile pamba, imeshakauka, imekuwa ngumu kama ganda. Nimeiweka pale ili nisipate njia ya kurudi nyuma. Nitamwambia kabla hajanawa mikono.

Sijui wamemjibu nini mjini. Pengine kazi wameshampa mwingine mwenye pikipiki mpya. Pengine atakasirika kwa siku tatu za kusukuma na kuchekwa, na atakuwa na haki. Pengine begi litafungwa hata hivyo. Sijui. Ninachojua ni kwamba kesho alfajiri, kama mlango bado uko wazi, pikipiki itamfikisha. Na ikikwama njiani, mimi najua kuifungua.

Je, mtu aliyefichwa kosa na mkewe anaweza kuona pia kazi aliyoifanya mkewe? Najiuliza hivyo.

Namsikia sasa. Hatua zake nazijua, anaburuza kisigino cha kushoto akichoka. Mayu amemwahi uani. Hawasemi mwadila na kupitana kama siku zote, wamesimama. Sauti ya mayu iko chini, sisikii maneno, nasikia tu kwamba inaendelea, na yeye hamkatizi.

Amefika mlangoni pa banda, ilipo pikipiki. Ameinama upande wa pili wa pikipiki, hajaniona au hajataka kuniona. Ameweka kiganja kwenye injini.

Bado ina joto.

Ameita jina langu. Siyo Mama Limi, jina langu mwenyewe.

Naenda.